Picha Iliyokataa Kupigwa Pasi

Perez Anyango alipoingia darasa la uchoraji pale Kisumu, mwaka wa 1968, wavulana walidhani ameleta chai. Wangeuliza kwanza ni binti wa wapi. Ni nyar Seme, yaani binti wa Seme, kule Kombewa, na watu wa Kombewa hawajawahi kuomba ruhusa ya kuvuta kiti. Waulizeni majirani zetu, kama watakubali kusema ukweli.

Darasa lenyewe lilikuwa ukumbi wa kanisa karibu na Nyalenda, na mwalimu wake alikuwa Bwana Walubengo, mtu wa maneno machache na suruali yenye rangi zote za dunia. Sheria yake ilikuwa hivi. Kila Jumamosi mwanafunzi mmoja anaweka picha yake juu ya kiti, anakaa kando na kufunga mdomo, halafu wenzake wanaichambua kama samaki wa kukaanga. Wakimaliza, mwenye picha anaruhusiwa sentensi moja. Moja tu! Kwa mtu wa Seme hicho ni kifungo.

Mwisho wa mwaka ni wenzako hao hao wanaopiga kura picha gani itundikwe kwenye maonyesho. Na babake Perez, Mzee Ogola, alikuwa amesema wazi: "Nitakuja siku hiyo nione kwa macho yangu. Isipotundikwa, unafunga mzigo, tunarudi nyumbani, unaolewa kama wenzako."

Perez alichora mwanamke anayesiriba ukuta wa nyumba kwa udongo, vile akina mama wa kwetu hufanya Krismasi ikikaribia. Hakutumia rangi ya duka wala brashi. Alichota udongo mwekundu na wa kijivu, akaupaka kwa vidole juu ya ubao, upinde juu ya upinde, kama alivyofundishwa na mamake.

Nicodemus ndiye aliyeanza. Huyu aliandika mabango ya maduka, na alivaa tai hata kwenda kuoga.

"Huyu mama hajakanyaga chini," akasema. "Anaelea kama puto. Miguu ameazima."

"Tena anabanduka," akaongeza Shitanda, kijana wa Manyatta ambaye kazi yake ilikuwa kubandika matangazo ya sinema mjini. Alipuliza kidogo tu, shavu la mama likaanguka sakafuni. "Yawa! Pole, mama."

Ukumbi ukavunjika kwa kicheko.

"Si angechora simba?" mwingine akauliza. "Simba ananunuliwa."

Perez akasimama na sentensi yake moja. "Nionyesheni simba aliyewahi kusiriba nyumba." Akambeba mama yake wa shavu moja, akatoka.

Njiani aliwatukana wote, mmoja mmoja, kwa majina ya ukoo. Lakini alipofika Nyalenda kwa shangazi yake Seline, alikokuwa akikaa, alimkuta anasiriba jiko, na macho yakamteremka yenyewe mpaka miguuni. Kisigino kimoja kimeinuka. Mguu wa pili umechimba ardhi kwa vidole kama kuku. Uzito wote umelala upande mmoja. Nicodemus, pamoja na tai yake, alikuwa amesema kweli. Hiyo inauma kuliko kofi.

"Wewe Perez, mbona unaniangalia miguu kama mchawi?"

"Tulia hivyo hivyo, Waya, shangazi yangu. Usishushe kisigino."

"Nisishushe! Basi njoo ushike karai."

Miguu ikapatikana. Ikabaki shida ya kubanduka. Hapo binti yetu akafanya kosa ambalo mtoto wa Nairobi hawezi kulifanya hata umwombe: alikumbuka kwamba ukuta wa nyumbani unashikwa na mavi ya ng'ombe, akachanganya. Jumamosi ikafika, mabati ya ukumbi yakapata moto, na nzi wa Nyalenda nzima wakaja kujiandikisha darasani.

"Toa ng'ombe nje!" alilia Nicodemus, tai puani.

Shitanda alisema jambo la maana, ingawa kwa sauti ya mtu aliyebana pua: "Nyar Kombewa, pika uji wa muhogo uchanganye na huo udongo. Ndio nabandikia matangazo yangu, kuyatoa ni mpaka ukwangue."

Sentensi ya Perez siku hiyo ilikuwa fupi: "Uji mzito kiasi gani?"

Uji ulishika. Siku ya kura Nicodemus akaizunguka picha kama anayenunua fahali.

"Miguu sasa ni miguu. Huyu mama hata umsukume haanguki. Lakini hizi alama za vidole, dada, zinaifanya picha ionekane ukuta tu. Chukua brashi ulainishe, uipige pasi kabisa, na mkono wangu uko juu."

Wengi wakaitikia. Bwana Walubengo akamgeukia Perez. "Ukilainisha, inatundikwa. Sentensi moja."

Perez aliuona mzigo wake umefungwa. Aliiona barabara ya Kombewa, na bwana harusi asiyemjua hata sura. Kisha akasema:

"Miguu mlinionyesha nikachora upya, udongo mlisema unabanduka nikaushikisha, lakini vidole hivi ni vyangu na haviguswi."

Ndefu, lakini ilikuwa moja. Mikono ikainuliwa, na ya kwake ilikuwa michache. Hata Shitanda aliona huo ndio wakati mzuri wa kujikuna kichwa.

Siku ya maonyesho Mzee Ogola alifika na koti la kanisani, akamkuta bintiye nje ya ukumbi, ubao umeegemea magoti yake.

"Mbona yako iko nje?"

"Walitaka niipige pasi, Baba. Nimekataa."

Mzee akainama. Akaitazama sana. "Huyu si dada yangu Seline?"

"Ni yeye."

"Amechoka."

"Amechoka, Baba."

Mzee akakohoa, akakumbuka ukali wake. "Lakini nilisema isipotundikwa..."

"Basi shika huku." Perez akatoa nyundo kwenye kikapu. "Inua. Juu kidogo."

Na Mzee Ogola, mtu ambaye chifu mwenyewe humwamkia kwanza, akasimama mbele ya wageni amekumbatia ubao wa udongo, huku bintiye akigongelea misumari kwenye ukuta wa nje, kando ya mlango ambao kila mtu lazima aupite. Kelele ikawatoa waliokuwa ndani. Mwalimu akasimama mlangoni akitazama. Nicodemus akaja na tai imenyooka, kichwa ameinamisha begani.

"Upande wa kushoto umeshuka," akasema.

Perez akarudi nyuma, akaangalia. Ulikuwa umeshuka kweli.

"Baba, inua kushoto," akasema, msumari wa mwisho katikati ya meno.