Hatua Sabini na Moja kwa Mita Mia

Kidato cha nne nilipata F ya hisabati, na F hiyo ilinifuata hadi Doha. Nilikuwa mlinzi kwenye jengo moja la The Pearl, kisiwa cha matajiri, mwanamke wa miaka thelathini na moja niliyemaliza mkataba wa jeshi nyumbani Tanzania, na nilitaka kusomea upimaji wa ardhi. Chuo kimoja cha nyumbani kilichofundisha kwa masafa kilikubali kupima ujuzi ambao mtu aliupata jeshini na kuuhesabu kama masomo. Nikifaulu kipimo hicho, F ingewekwa kando. Nikishindwa, basi tena, maana mimi si mtu wa kubembeleza.

Mtathmini wa chuo, mama mmoja mpole, aliniuliza kwa simu ya video vyeti vya kozi viko wapi. Sikuwa navyo. Nilikuwa na karatasi moja tu ya kuachia jeshi, iliyosema nimetumikia kwa uaminifu. Nikajitetea kwamba sisi tulifundishwa kupima ardhi kwa miguu.

"Basi nionyeshe kwa miguu hiyo," akasema. "Nichoree ramani ya mtaa unaoishi. Dira na penseli tu. Ramani ya kwenye simu usiifungue."

Ijumaa asubuhi, siku yangu ya mapumziko, nikaingia mitaani kwetu Fereej Bin Mahmoud na dira niliyoinunua mtaa wa jirani, Al Sadd, kwenye duka la vifaa vya kambi za jangwani. Kazi yenyewe ni hii: unahesabu kila mguu wa kushoto unapokanyaga, na kila ukitimiza hesabu ya hatua zako za mita mia unahamisha kijiwe kimoja kutoka mfuko huu kwenda ule. Vijiwe sikuviona, nikatumia kokwa za tende. Mwenzangu wa chumbani, Mkenya, alinichungulia kutoka dirishani.

"Umepoteza nini hapo chini? Nishuke tutafute?"

"Nasoma."

"Sawa. Ukimaliza kusoma hiyo lami, chai iko."

Nilipoichora, ramani ilinikera. Kutoka mlangoni kwetu hadi msikitini palikuwa mbali kuliko miguu yangu ilivyopajua. Nilikuwa nimetumia hesabu yangu ya ukuruta, hatua sitini na sita kwa mita mia. Ndipo nikamkumbuka koplo aliyetufundisha, mtu mkali aliyeturudisha mwanzo kila tulipokosea. "Ukibadilisha viatu, jipime upya," alikuwa akisema, na mimi nilikuwa nimebadilisha viatu, nchi na umri. Kesho yake nikaazima futi ya fundi wa jengo letu, nikapima mita mia kwenye maegesho ya chini, nikazitembea. Sabini na moja. Miaka ya kusimama mlangoni ilikuwa imenifupishia hatua, na sikufurahi kuijua. Ijumaa iliyofuata nikautembea mtaa wote upya.

Siku ya kuonana tena na mtathmini kwa video, aliiweka ramani niliyomtumia juu ya picha ya setilaiti, nami nikaona kwenye kioo cha simu. Aliisogeza taratibu. Barabara zikalala juu ya barabara. Kona ya msikiti, duka la mkate, uchochoro wa nyuma ya dobi, kila kimoja kilikaa pake. Chombo kilichoko angani na miguu yangu vilikuwa vimesema kitu kimoja. Sijawahi kujistaajabia hivyo, wala sikujua kwamba inaruhusiwa.

Barua ilikuja baada ya wiki kadhaa: nimesamehewa masomo mawili ya mwaka wa kwanza, na F haitazuia. Mtu wa kwanza kumpigia alikuwa yule koplo, sasa mstaafu anayelima nyanya Iringa. Nikamweleza yote.

"Hao wa chuo," akauliza, "wanajua aliyekufundisha aliishia darasa la saba?"

"Wanajua, afande. Kwenye fomu kulikuwa na mstari wa kuandika mkufunzi. Nimeandika jina lako na elimu yako, wakagonga muhuri."

"Nisomee hapo," akasema.

Nikamsomea. Akaniomba nirudie, na safari hii nisome taratibu, mkewe asikie.