Povu Juu ya Jeraha

Miaka ya themanini nilikuwa mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari karibu na Omurushaka. Vifaa vilikuwa haba, kwa hiyo unga mweusi wa manganizi tuliutumia tena na tena. Ule ni kichocheo: huharakisha chumvi ya kloreti kutoa oksijeni, lakini wenyewe haupungui. Baada ya somo tuliuosha, tukauanika dirishani, tukaurudisha chupani.

Asubuhi moja niliwasha jiko la mafuta ya taa, nikaanza kupasha moto kijibomba cha kioo chenye mchanganyiko wa unga huo na kloreti. Wanafunzi wakasogea. Mara nikaona cheche nyekundu ndani ya ule weusi. Kichocheo hakiwaki! Ndipo nilipokumbuka kwamba kwenye dirisha lilelile tulianika makaa ya kusaga ya kuchujia maji, na juzi upepo ulivuma sana, ukayachanganya na unga; makaa na kloreti vikipata moto hulipuka. Nikapaza sauti:

"Rudini nyuma! Inameni!"

Kioo kikapasuka kabla hawajainama wote. Msichana mmoja wa mstari wa mbele alikuwa amejishika uso, damu ikimtoka katikati ya vidole.

Tulimkimbiza zahanati. Mganga alimbembeleza mpaka akatoa mkono, kisha akamwagia jeraha hidrojeni peroksaidi. Likafura povu jeupe. Nilipiga kelele, nilidhani jicho linayeyuka.

"Tulia, mwalimu," mganga alisema. "Dawa hii ikikutana na damu hutoa povu. Lakini jicho limevimba mno. Tusubiri."

Jioni baba yake akafika kutoka Nyakasimbi, amevaa koti lake la kanisani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwanangu ataona?"

Nikamweleza alivyosema mganga: tusubiri. Tulikaa benchi moja usiku kucha, yeye akisali kwa Kinyambo, mimi nikiogopa hata kumtazama. Kulipokucha uvimbe ukapungua, msichana akafungua jicho kidogo.

"Baba, leo Jumapili? Mbona umevaa koti?"

Mzee akalia. Nami nikalia. Kilichochanika kilikuwa nyusi tu.

Lakini baada ya hapo sikuweza kuwasha lile jiko. Nikishika kiberiti nilikirudisha mezani. Lile povu ndilo lililonisaidia: kama damu huitoa dawa gesi bila moto, nikawaza, ini lililojaa damu litafanya vivyo hivyo. Nilinunua ini bichi buchani, nikatumbukiza kipande katika chupa yenye peroksaidi ile ile ya zahanati. Likachemka povu bila moto. Kijiti chenye kaa jekundu, nilichokitoa motoni kwa mpishi wa shule, nilipokiingiza chupani kikawaka ghafla: oksijeni. Kipande nikakitoa, nikakisuuza, nikakitia katika dawa mpya. Kikafanya kazi tena, kama ule unga.

Siku ya kuwaonyesha wanafunzi, yule msichana alikaa mlangoni, kovu likiwa bado bichi. Povu lilipopanda alisimama, tayari kukimbia.

"Kioo hakipasuki, mwalimu?"

"Hakipasuki."

Akaja polepole mpaka mezani. Akagusa chupa kwa ncha ya kidole, akaiona ina uvuguvugu tu. Mimi ndimi niliyekuwa nimerudi nyuma hadi ukutani.