Halwa ya Nikaha ya Mwanakuu

Usiku ule Mejumaa hakulala, na mimi sikulala kwa kumsikiliza. Alikuwa ameketi mkekani katika chumba changu cha chini, mgongo ukutani, wanawe wawili wadogo wamelala miguuni pake, akingoja jibu kutoka nyumba inayokabiliana na yangu hapa Kibokoni. Ilikuwa Jumamosi, mwaka wa pili baada ya vita. Yeye na mumewe Chonga walikuwa wamevuka Likoni jioni ile, kutoka Ng'ombeni, kuja kuwaonyesha watoto mji kwa siku mbili. Lakini shida yake hasa ilikuwa kumwona binti yao mkubwa, Mbeyu.

Chonga alikuwa mwangalizi wa shamba la minazi la Bi Mwanabaraka. Bi Mwanabaraka hakujaliwa mtoto. Alimwona Mbeyu akiwa na miaka saba, akamwomba, akapewa. Kwetu mtoto huombwa, na anayempa hujiona ametukuzwa. Tangu hapo ikapita miaka minane. Kila mamake alipokuja, aliambiwa mtoto yuko chuoni akisoma Kurani, au amepelekwa Malindi, au ametawishwa na haonekani. Safari hii mlango haukufunguliwa kabisa, wakaja wakapiga hodi kwangu.

Sababu niliijua. Mbeyu siku hizi aliitwa Mwanakuu, na kesho yake alikuwa aolewe na Zein, kijana wa nyumba isiyochukua mke mpaka iulize babu wa babu yake. Wasingemchukua binti wa mwangalizi wa minazi. Basi Bi Mwanabaraka aliwaambia ni yatima, mtoto wa binamu yake wa Vanga. Na kwa kuwa baba akiwa hai ndiye wali, mwenye haki ya kumwoza, ilibidi baba afe. Mwezi wa Rajabu ikasomwa hitima ya wazazi wawili waliozama baharini, na Gharib, nduguye Bi Mwanabaraka, akawa ndiye wali. Hitima ile nilihudhuria. Chonga nilimjua, nimemwona mara nyingi akishusha nazi mlango wa nyuma, na si mimi peke yangu niliyemjua. Tulikula wali, tukaitikia amina. Sasa marehemu walikuwa chumbani mwangu, na mmoja wao aliniomba maji ya kunywa.

Mapema usiku ule nilikuwa nimevuka ndia na ujumbe wao. Bi Mwanabaraka alinisikiliza mpaka mwisho, akasema jibu atalileta alfajiri. Ilipoadhiniwa akaja mwenyewe, akanisimamisha uani.

"Watembeze," alisema. "Waonyeshe mji. Waambie warudi alasiri, mlango utakuwa wazi." Alipogeuka kwenda akaongeza, "Na lile neno la Ruzuna sijalisahau, mwanangu."

Ruzuna ni binti yangu. Alikuwa na miaka kumi na tisa na hapana aliyekuja kumposa. Bi Mwanabaraka alikuwa ameniahidi kumtajia mahali pa kuolewa. Nikavaa buibui.

Mejumaa alipoambiwa alasiri, alicheka kwa mara ya kwanza. Aliwaosha watoto nyuso mara mbili. Tukapita Ndia Kuu, na muuza kahawa mmoja akamuuliza Chonga kama huko ng'ambo ya Likoni wameacha mtu wa kuchunga mbuzi. Chonga akamjibu kuwa wamemwacha mbuzi, ana akili kuliko wauza kahawa. Mwanamvua, yule mtoto wao wa miaka saba, alicheka mpaka akakaa chini. Penye Ngome ya Yesu, siku hizo ni gereza, wafungwa walikuwa wakitolewa nje na majembe, na Tima, mdogo wake Mwanamvua, akauliza mbona hawa wote wamevaa nguo moja. Babake akamwambia mama yao ni mmoja na alipata kitambaa cha bei nafuu. Tukaenda stesheni kutazama gari la moshi. Nikawanunulia barafu ya rangi. Kila nilipogeuka, Mejumaa alikuwa akitazama kivuli chake kimefika wapi.

Mpango wangu ulikuwa kuwaweka mbali na Mji wa Kale mpaka nikaha ya adhuhuri ipite. Lakini Tima alitapika ile barafu, akataka kulala, na adhuhuri ilitukuta tumekwisha kurudi karibu na msikiti wa mtaani kwetu. Chonga akasema hawezi kupita pana adhana. Akaingia. Nikawaketisha wengine kivulini.

Alikawia. Alipotoka alikuwa na furaha, na mkononi ana halwa kwenye karatasi. Alituambia amekuta nikaha ya watu wakubwa, naye alipotaka kuondoka wakamshika mkono, wakamketisha, wakampa kahawa kama mtu wao. Bibi harusi ni yatima, alisema, na sheikh aliwaombea wazazi wake dua ndefu. Yeye mwenyewe machozi yalimtoka alipoitikia. Akaimega halwa, akawapa watoto, akampa mkewe, akanipa na mimi. Nikaila.

Alasiri tukarudi. Mlango ulikuwa umefungwa. Juu wanawake walikuwa wakiimba, kwa kuwa bwana harusi angeingia magharibi. Mejumaa alitengeneza kanga yake, akawavuta watoto mbele, akapiga hodi. Nyimbo zikakatika. Tukasikia mtu akishuka ngazi na bangili zikigongana.

"Nani?"

Mejumaa aliijua sauti ile kabla yangu. "Ni mimi, Mbeyu. Mamako. Na ndugu zako hawa."

Mtu alikuwa akipumua nyuma ya mlango, karibu sana. Mejumaa akaweka kiganja juu ya ubao, mahali pumzi ilipotokea.

"Bi Mwanaesha," sauti ikaniambia mimi, kwa Kimvita safi cha nyumba za juu, "wageni wako wamekosea mlango."

Mejumaa akanigeukia. Aliniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza ndia. "Dada, wewe ndiwe wa hapa. Huyu si mwanangu?"

Dirishani juu Bi Mwanabaraka alikuwa amesimama akinitazama. Ruzuna naye alikuwa ametoka kizingitini kwetu, ananitazama.

"Huyu ni Mwanakuu," nikamwambia. "Wazazi wake wamekufa."

Chonga akalirudia jina lile kwa sauti ndogo. Akalirudia tena.

"Mwanakuu," akasema. "Ndiye tuliyemwoza leo."

Mejumaa akamtazama mumewe, kisha akaanza kuupiga mlango kwa viganja viwili. Watoto wakashika kanga yake na kulia. Ndani mlango ukatiwa pingo moja, kisha la pili, na juu wakaanza tena kuimba.