Msiandike Kwamba Hapakaliki

Nakumbuka siku moja ya kiangazi pale mtaani kwetu Mtoni, uani kwa Bi Sikitu, tumekaa kwenye mikeka na viti vya kuazima, tunasomewa jinsi tunavyokufa. Aliyekuwa anasoma ni Deo Mbilo, na jina lake nalitaja lote kwa sababu mpaka leo hajarudi kuomba radhi. Alikuwa anakaa Sinza, ana kompyuta yake ya kubeba, na kazi yake ilikuwa kuwaandikia watu maandiko ya miradi, yale ya kuombea ruzuku kwa wafadhili. Mie wakati huo ni binti tu, nina mtoto mgongoni, nimepanga chumba kwa huyo huyo Bi Sikitu. Asubuhi nakaanga mihogo barabarani, jioni nashuka mtoni na wenzangu wa kikundi.

Nakuandikia haya, mwanangu, kwa sababu juzi mlikuja kwangu, wewe na vijana wenzako wa kikundi, mkaniambia mmeona tangazo la ruzuku ya kupanda mikoko na kuokoa kingo za mto, na kwamba siku ya mwisho ya kutuma ni wiki hii. Mlikuwa na furaha, na mie sikutaka kuwaharibia. Lakini tangu mlipoondoka sijalala vizuri. Mlinisomea mstari wa kwanza kwenye simu: wakazi wa eneo hili wanaishi mahali pasipofaa binadamu kuishi. Nikawaambia msiendelee, nikaingia ndani. Nyie mlidhani ni presha. Haikuwa presha. Mstari huo nilishawahi kuusikia.

Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo usitegemee maneno makubwa hapa. Nayajua mambo haya kwa sababu yalinipitia.

Sie tulikuwa na kazi yetu kabla Deo hajaja. Mto Kizinga ulikuwa unakula ukingo kila masika, leo shamba la mchicha, kesho choo cha mtu. Bi Sikitu, mjane, mzaliwa wa pale pale, ndiye aliyetukusanya. Tulikuwa tunachimbua mashina ya matete kule juu ya mto na kuja kuyazika ukingoni kabla mvua hazijaanza, na nyuma yake tunapanda mianzi. Ilikuwa kazi ya tope na kucheka. Mizizi ikashika. Masika yaliyofuata maji yalipanda, yakaingia uani, yakatoka, na ukuta ukabaki umesimama. Hakuna aliyetuambia kwamba huko kunaitwa kuhimili mabadiliko ya tabianchi kwa kutumia mimea. Sie tulikuwa tunalinda vyumba vyetu.

Shida ikawa mbuzi na mchanga. Mbuzi wanakula machipukizi, na wachimba mchanga wanashusha malori mtoni wanang'oa kila kitu. Tulihitaji wigo, miche zaidi na mtu wa kulinda, na hela ya kikundi haikutosha hata kununua waya. Ndipo mwenzetu mmoja akasikia habari za ruzuku, na Deo akaletwa.

"Jamani, mfadhili hana haja na sifa zenu," alituambia siku ile. "Mfadhili anataka kilio. Nipeni kilio, mie niwaletee mradi."

Akaanza kusoma. Eneo hili halikaliki. Kila mvua ni kifo. Wakazi wanaishi kwenye vibanda, hawana pa kukimbilia. Akawa anasoma kwa sauti ya huzuni kama mtangazaji wa taarifa za misiba, na watu wakawa wanacheka.

"Mama Asha, umesikia? Nyumba yako imeitwa kibanda!"

"Mwache aiite hata choo," Mama Asha akajibu, "ruzuku ije tu. Ikija naipaka rangi."

Uani kote makofi.

Bi Sikitu alikuwa pembeni anachambua mchicha, hajacheka hata kidogo. Akasema, "Deo, baba, hapo umeandika mangapi tuliyoyafanya?"

"Yapo, bibi. Kule mwishoni."

"Kule mwishoni mistari mingapi?"

"Mmoja. Lakini umekaa vizuri."

"Na huyu mtu wako ambaye kwake hapakaliki, akipewa miche ataipanda wapi?"

Deo akacheka. "Bibi, hiyo ni lugha ya kitaalamu tu. Kila mtu anaandika hivyo."

Hapo Bi Sikitu akaacha mchicha wake, akatugeukia sisi vijana. Sauti yake haikupanda. "Mmekaa mnasimuliwa mnavyokufa, na nyie mnapiga makofi. Nani kawaambia maneno yakishaandikwa yanasomwa na mtu mmoja tu? Mkisema hapa hapakaliki, atatokea wa kuwasaidia kuhama."

Kisha kijana mmoja akanong'ona kwamba bibi anaogopa maendeleo, na kicheko kikarudi. Tukaulizwa wanaokubali wanyooshe mikono. Mkono wa Bi Sikitu ulibaki kwenye sinia la mchicha.

Tukaweka saini zetu, kisha andiko likatakiwa kupigwa muhuri wa mtaa. Mtendaji wetu, mtu wa serikali pale mtaani, alikuwa anaitwa Kanyika, na huyo naye namtaja. Kabla ya hapo ukienda kwake kutaka barua ya utambulisho tu utazungushwa mpaka viatu viishe. Siku hiyo alilisoma andiko letu tangu juu mpaka chini, taratibu, anatabasamu. Akapiga muhuri. Akaomba abaki na nakala. "Mmeandika vizuri sana," alisema. "Mmesema ukweli mtupu." Tukatoka tunapongezana. Mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba malori ya mchanga hayashuki mtoni bila yeye kupewa chake, na matete yetu yalikuwa yamekalia mchanga mzuri kuliko wote. Tulijua hayo yote, mwanangu, lakini hakuna aliyeyaunganisha.

Wakaja wageni kutoka kwa mfadhili kukagua. Deo alikuwa ametupa masharti: msifagie, msianike nguo nzuri, watoto wasivae viatu. Ukaguzi wenyewe ulikuwa mfupi. Dada mmoja mpole, amevaa buti za mpira, na Kanyika ubavuni mwake kama mwenye nyumba. Kila mara yule dada akiuliza, Deo anatujibia. Tunaogopa, ndiyo. Tunateseka, ndiyo. Mwisho yule dada akauliza jambo ambalo Deo hakulitarajia: kama hali ni mbaya kiasi hiki, kwa nini mnaomba matete badala ya kuomba kuhamishwa?

"Hata mie najiulizaga," akadakia Kanyika.

Bi Sikitu akamshika dada mkono. "Njoo, mwanangu, ukaone kwanza ukingo wetu. Ni hapo tu nyuma."

"Bibi, mgeni ana ratiba," Kanyika akasema, na mlango wa gari ukafunguliwa. Yule dada alituangalia kama mtu anayetaka kubaki. Hakubaki.

Jibu lilikuja la heshima tu. Walitupa pole, wakasema fedha za mimea haziwezi kupelekwa mahali ambapo wakazi wenyewe wanasema hapakaliki, wakashauri wahusika watutafutie makazi salama. Deo tukampigia simu, haipokelewi. Kisha haipatikani kabisa.

Haukupita muda mrefu vijana wakatumwa na ndoo za rangi nyekundu, wanapiga kwenye kuta alama ya X, ile ya nyumba za kubomolewa. Nyumba zote za mstari wa mtoni. Tukaenda kwenye mkutano wa mtaa tumejaa hasira. Kanyika akatusubiri tumalize kupiga kelele, akainua ile nakala.

"Haya si maneno yangu," akasema. "Ni maneno yenu, na saini zenu ziko chini." Akasoma. Yale yale tuliyoyacheka uani, sasa hakuna aliyecheka.

Mama Asha akasimama, kanga imemwanguka begani. "Mtendaji, ile ilikuwa lugha ya kuombea!"

"Basi, mama, ombi lenu limekubaliwa."

Mwanangu, X ikishapigwa ukutani huwezi tena kula ukashiba. Kila gari zito likipunguza mwendo Barabara ya Kilwa, mtu anaacha tonge. Wapangaji wanahama, ukuta ukipasuka huuzibi, maana utamzibia nani? Mtoto wangu alijifunza kuuliza kabla hajalala: mama, ni kesho? Nikawa namwambia siyo kesho, na huku nalala na nguo zetu kwenye kiroba.

Tingatinga likaja. Nilipewa nafasi ya kutoa kitanda na karai langu la mihogo. Nyumba ya Bi Sikitu ilianguka upande wa jikoni kwanza. Likamaliza nyumba likashuka ukingoni, likakwangua matete na mianzi, eti kusafisha mkondo. Baada ya hapo yakashuka malori. Yakachota mchana kutwa, na Kanyika anapita na pikipiki yake mpya anasalimia watu.

Wengi wetu hatukwenda mbali, tungeenda wapi? Tulipanga nyumba za mstari wa nyuma, zile ambazo hazikupigwa X. Masika yaliyofuata mto haukukuta cha kuuzuia, ukaja mpaka huko. Mie nilipona juu ya bati, mtoto nimemfunga kifuani kwa kanga. Mama Asha hakupona. Alikuwa mtu wa utani, alikuwa na mabinti wawili, na nyumba yake haikuwa kibanda.

Bi Sikitu alichukuliwa na mwanawe akaenda kukaa Mbweni, kwenye nyumba nzuri ya vigae. Nilimfuata kumwona. Nilikwenda nimejiandaa kuambiwa, si niliwaambia? Hakusema. Aliuliza kama kuna matete yoyote yamebaki. Nikamjibu yapo kidogo, upande wa pili wa mto. Akasema, "Basi siku mkitulia mkaanzie hapo." Alifariki kabla hatujatulia.

Sasa nyie ndio mmetulia. Mmeanza kupanda wenyewe, nimeona miche yenu ya mikoko kule chini, imesimama vizuri. Sikatazi kuomba. Ombeni. Hela hizo zipo kwa ajili ya kazi kama hiyo, na waya wa wigo haununuliwi kwa nia njema. Ila nakuomba ule mstari wa kwanza uufute leo, kabla hujafanya kitu kingine. Anzeni na mliyoyafanya kwa mikono yenu. Hatari msiifiche, maji yanaua na mie nimeyaona yakiua, lakini mkiisema semeni papo hapo mnavyoizuia. Andikeni wazi kabisa, kwa maneno ambayo hata mtoto hawezi kuyageuza, kwamba mnapanda ili mbaki.

Andiko likikamilika, msomeeni kila mwenye nyumba kwa Kiswahili anachokielewa, na mtu akikataa kunyoosha mkono msimcheke. Mfuateni, mkamuulize anaona nini. Anayetakiwa kuwapigia muhuri, ulizeni kwanza ana shida gani na huo ukingo. Watakuja akina Deo wengine, wana mashati mazuri zaidi na simu kubwa zaidi, watawaambia kila mtu anaandika hivyo. Waambieni wakaandike kwao. Na mgeni akija kukagua, asifike kwenye vyumba vyenu kabla hajakanyaga tope lenye miche.

Mnaniona mkali, najua. Mnasema mama huyu kila kitu anaogopa. Ni kweli naogopa, mwanangu, na safari hii naogopa kwa ajili yenu. Nendeni. Mwenyezi Mungu aishikishe mizizi yenu kabla ya mvua, awape msomaji mwenye moyo na mgeni asiye na haraka, na mnachokiomba kiwafikie mkiwa bado kwenye nyumba zenu.