Tarehe Aliyoileta Shemeji

Mimi Ganauri nauza chai mbele ya korti ya Bisanpura, huku Bihar, na nimewaona wengi wakizeeka wakisubiri hakimu. Zamani nilikuwa namkasirikia kila mtu kwa ajili yao. Siku hizi hasira niliyobaki nayo ni kwa ajili ya Sunaina Devi, na sehemu yake najikasirikia mwenyewe.

Sunaina ni mzaliwa wa kijiji chetu, kwa hiyo kwangu ni dada, ingawa hatukunyonya ziwa moja. Mumewe, Ramashish, alifariki akamwachia binti mmoja na kipande cha shamba nyuma ya nyumba. Hana kingine. Matanga hayajaanuliwa, binamu wa marehemu aitwaye Lakhan akatokea na karatasi isiyo na muhuri, akidai shamba aliuziwa yeye. Sunaina akaenda kortini. Korti ikaamuru Lakhan asiliguse mpaka shauri liamuliwe. Kisha hakimu akahamishwa. Wa pili akastaafu. Wa tatu hatukuletewa.

Miaka kumi na moja! Shauri lenye mashahidi watatu tu, ambalo mtu mwenye akili timamu angelimaliza kabla ya chakula cha mchana. Kiti cha hakimu kilikuwa kimefunikwa kitambaa cheupe, na karani kazi yake ilikuwa kuwaandikia watu tarehe nyingine na kuwarudisha makwao.

Sunaina na Lakhan walitoka kijiji kimoja, kile alikoolewa Sunaina, wakapanda basi moja, wakakaa kwenye benchi langu lile lile. Chuki gani itadumu hivyo? Tena Lakhan alikuwa mdogo kwa Ramashish, na shemeji mdogo ni mtu wa utani.

"Shemeji, leo umenipikia nini?"

"Sumu. Ila chumvi imezidi, utaitema."

"Lete hivyo hivyo, nife nimeshiba. Shamba nakuachia."

"Wewe? Hata mzimu wako utakuja hapa kuomba tarehe."

Basi watacheka, watakula chapati na achari kutoka bakuli moja, mdai na mdaiwa.

Watu wa korti yetu wana desturi yao: anayekuja humchukulia mwenzake tarehe. Lakhan alipougua homa ya matumbo, Sunaina alikuja peke yake, akamtajia karani majina yote mawili, akampelekea Lakhan tarehe mpaka kitandani. Nilimwonya.

"Dada, huyo ni adui yako kortini, si tarishi wako."

"Kaka, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Na hakimu mwenyewe hayupo, Lakhan atanila kwa meno yapi?"

Alisema kweli, kwa siku ile.

Mwaka juzi, mwezi wa pili, bintiye Sunaina alishikwa na uchungu wa kujifungua kwenye siku ya tarehe. Sunaina akaenda naye hospitali, akamwachia Lakhan maagizo amchukulie tarehe. Na asubuhi hiyo hiyo, bila tangazo, gari la serikali likamshusha hakimu mpya, kijana mwenye miwani, aliyeagizwa apunguze mafaili ya zamani. Kitambaa kikaondolewa kitini. Watu wakamiminika kumtazama kama bwana harusi. Wakili wa Sunaina hakuwepo, alikuwa kwenye harusi ya mpwawe. Nani angekuja kukitazama kiti kitupu?

Tarishi akatoka mlangoni. "Sunaina Devi, mjane wa Ramashish! Yupo?"

Lakhan alikuwa kwenye benchi langu, kikombe mkononi. Hakuinua macho.

"Sunaina Devi! Yupo?"

"Lakhan," nikamwambia, "si anaitwa dada?"

"Nimeshampigia. Yuko njiani, usihangaike. Niongezee sukari."

Nikamwongezea sukari. Tarishi akaita mara ya tatu, kisha akamwita Lakhan, naye akaweka kikombe chini akaingia ndani. Namba ya Sunaina ninayo kwenye simu yangu. Ningepiga, naye angempigia wakili, na wakili angemtuma mwenzake yeyote pale aombe muda kidogo. Sikupiga. Chai ilikuwa inakwenda siku ile kuliko siku zote, na nilifurahia biashara. Hilo ndilo linaloniuma.

Shauri likafutwa kwa sababu mdai hakuhudhuria, na amri ya kumzuia Lakhan ikafa nalo. Halikuchukua hata robo saa.

Jioni Lakhan akaenda kumwona mtoto. Akambeba, akala tamutamu za uzazi, akamwambia Sunaina, "Hakuna hakimu, shemeji. Wametupa tarehe kumi na mbili, mwezi wa nne." Mtu aliyefutiwa shauri kwa kutohudhuria ana siku thelathini za kuomba lifufuliwe. Lakhan alikuwa amekaa kortini miaka kumi na moja, alilijua hilo kama jina lake. Alimpa tarehe ya mbali makusudi, muda umpite akiwa anabembeleza mjukuu.

Tarehe kumi na mbili Sunaina akaja. Karani akafunua kitabu. "Mama, shauri lako lilikufa tangu mwezi wa pili." Sunaina akacheka, akidhani ni mzaha. Wiki hiyo Lakhan akamwaga matofali shambani, juu ya viazi vya Sunaina.

Sunaina akaomba shauri lifufuliwe, akaeleza sababu ya kuchelewa. Lakini kijana wa miwani alikuwa ameshapandishwa cheo akaenda zake Patna, na kitambaa kimerudi kitini. Karani akawaandikia tarehe. Ilipofika, wote wawili wakaja.

Lakhan alitangulia kwenye benchi. Alipomwona akasogea kumpisha.

"Karibu, shemeji. Mjukuu hajambo?"

Kwetu mwanamke hujifunika uso mbele ya kaka mkubwa wa mumewe na mbele ya mtu baki. Shemeji mdogo hafunikiwi, wala kaka wa kwao. Sunaina akashika upindo wa sari, akaushusha upande wa Lakhan mpaka kidevuni, akanigeukia mimi.

"Kaka, mwambie huyo bwana hapa hana shemeji."

"Aa, yamekuwa hayo?" Lakhan akacheka. Akatazama huku na huku, hakuna aliyecheka naye, akachukua chai yake akaenda kusimama kule kwa wapiga chapa wa hati za korti.

Sunaina akakaa. Alikuwa amekonda.

"Kaka, nikuulize. Siku ile waliniita kweli, au karani aliandika tu?"

Ningeweza kusema sijui.

"Walikuita, dada. Mara tatu."

"Nawe ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

Alikaa akinitazama mpaka birika likafurika nami sikuliondoa motoni. Kisha akashika upindo wa sari upande wangu, akaushusha na huo.