Bei ya Unga Niliyoandika Bila Kwenda Sokoni

Mwanangu, umeniomba yale makaratasi yangu ya zamani, na nikiyashika tu namkumbuka Yaya Ngoie, dada yangu mkubwa, siku aliyosimama mlangoni kwangu na nguo zake zote zimefungwa ndani ya kitenge.

Mwaka ule nilikuwa karani wa mgodi hapa Lubumbashi. Kila mwezi nilichapa gazeti la ukurasa mmoja juu ya uchumi: shaba, mishahara, bei za vitu. Eh, nilijiona. Vidole vilinuka wino, na watu wa kambi ya mgodi walinisubiri penye kantini. Siku zile nazipenda mpaka leo, nisikudanganye.

Lakini bei ya unga niliinakili kutoka orodha ya serikali iliyobandikwa ofisini. Sisi wa mgodi tulipewa posho, mfuko wa unga kila mwezi. Sokoni ningefuata nini?

Shemeji, mume wa Yaya, alikuwa mshonaji kule Ruashi, hana posho. Alisoma gazeti langu, akampa mkewe pesa kwa kufuata bei yangu. Unga ukaisha katikati ya mwezi. Akasema mke anaficha pesa, akamfukuza.

"Weye haujanunua bunga hata siku moja," Yaya akaniambia. "Twende ku soko, citoyen mwandishi." Citoyen, yaani raia, ndivyo tulivyoitana siku zile.

Sokoni, bei ya kopo moja la unga ilizidi mara mbili ile niliyoandika. Mama muuzaji akacheka.

"Baba, ile bei iko ya ku karatasi. Bantu habakulake karatasi."

Kweli, watu hawali karatasi. Niliona haya, mwanangu, haya ya kunitoa jasho. Katika gazeti la kumi na mbili niliandika bei ya soko, na chini yake: aliyekosea ni mimi, si mke wa mtu. Mkubwa wangu wa kazi alilisoma asubuhi, akasema napinga bei ya serikali, na mchana akachukua mashine ya kuchapia. Hakuirudisha. Jumapili, baada ya misa, shemeji akaja na kuku mweupe wa kuomba msamaha, akapiga magoti mbele ya baba yetu, akarudi na mke wake. Gazeti likafa hapo. Linaniuma bado, lakini Yaya alizeekea nyumbani kwake.

Basi wewe unayetaka kuandika, andika bei uliyolipa mwenyewe. Kama hujalipa, muulize aliyelipa, maana kuna mtu atapangia nyumba yake kwa neno lako. Mungu akupe miguu ya kwenda sokoni kwanza, na Yaya Ngoie, huko alikolala, akuombee.