Jumatano, Alhamisi na Ijumaa zote ni "siku ya tano": posa yangu ilivyokaribia kuharibika

Wakuu, habari za mchana. Huwa nasoma tu humu, siandiki. Leo nimejikaza. Niliishia P7, yaani darasa la saba, na naandika polepole, mnivumilie, lakini hili limenipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi.

Mimi ni binti wa Mulanda, Tororo. Nashona nguo Busia upande wa Uganda. Mwenzangu anaitwa Wandera, kwao ni Busia ya Kenya. Kati ya kibanda changu na kwao ni kuvuka mpaka tu, ila kwa tarehe ni kama tuko mbali sana.

Wandera ana dada anayefanya kazi Amerika. Ndiye aliyepanga kuja likizo ili awepo wakati ukoo wao unakuja kwetu kuleta posa. Akaandika kwenye group ya familia yao: "Posa ni 5/6."

Wote wakasoma tarehe tano mwezi wa sita. Wakatulia.

Siku moja dada anapiga simu akiwa tayari amefunga mabegi. Kumbe kule aliko wanaanza kuandika mwezi, halafu siku. Alimaanisha tarehe sita mwezi wa tano, yaani wiki inayofuata. Na likizo yake ilikuwa fupi, wikendi hiyohiyo anarudi.

(Hapo ndipo nilipoanza kuangalia maboksi ya nyuzi yanayotoka China. Wao wanaanza na mwaka kabisa. Nilikuwa nadhani ni namba ya mzigo.)

Mjomba wa Wandera, mzee Barasa, akachoka. Akampigia shangazi yangu, ndiye anayesimamia mambo ya posa kwetu. Akamwambia, "Mama, hizi namba za tarehe zinatuchanganya. Tuziache. Sisi tunakuja Jumatano ijayo."

Shangazi akajibu, "Sawa, tano. Karibuni."

Siku ya Jumatano niko kwenye cherehani, Wandera akaja bila hata kusalimia. Viatu vimejaa vumbi la Mulanda.

"Baba yako yuko wapi?"

"Si yuko nyumbani?"

"Nyumbani kuna kuku na mlango umefungwa. Wazee wamekaa juani hadi wakachoka. Simu ya shangazi yako haipatikani. Mjomba anasema tumekataliwa, na hataenda mara ya pili kubisha mlango wa mtu asiyemtaka."

Wakuu, niliacha kushona hapohapo. Kwetu mgeni wa posa akikuta nyumba imefungwa, hakuna haja ya kuuliza jibu.

Nilimpigia shangazi tena na tena. Jioni ndio akapatikana, simu ilikuwa imepelekwa senta, pale madukani, kuchajiwa. Yeye alishinda shambani anapalilia, na baba alikuwa ameenda Tororo mjini kuazima viti.

"Shangazi, wageni walikuja leo."

"Leo wapi? Leo ni siku ya tatu."

"Leo Jumatano, shangazi."

"Wewe usinisumbue. Watoto wanaenda shule Jumatatu, hiyo moja. Kesho yake mbili. Leo tatu. Tano bado. Mimi iko na vidole, nimehesabu. Au Wakenya wanahesabu na vidole vya miguu?"

Hata mimi sikujua kwa nini tano ya Kiswahili iko pale ilipo. Shangazi Kiswahili chake ni cha sokoni. Namba anazijua vizuri sana kwa sababu ya kuuza mihogo, ila siku za wiki anazihesabu kama tunavyohesabu kwetu, kuanzia siku ya kwanza ya kazi. Hata kwa Kiganda wakisema Lwakutaano, ya tano, wanamaanisha Ijumaa.

Jirani yangu wa kibanda, Mama Zaina, anauza kanzu na kofia. Alikuwa anasikiliza na anajizuia kucheka.

"Anzeni kuhesabu baada ya Ijumaa," akasema. "Ijumaa watu wamekusanyika msikitini, wiki imekwisha. Inayofuata ni mosi. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Umeona?"

Nikahesabu. Kweli ikaangukia Jumatano.

"Sasa nikuchanganye kabisa," akaendelea. "Alhamisi kwa Kiarabu nayo ni ya tano. Wao wanaanza Jumapili."

Yaani siku tatu zimefuatana na zote zinaitwa ya tano. Nimetamka majina haya tangu utoto na sikuwahi kujiuliza.

Mimi huwa siwezi kuongea na wazee, sauti inapotea. Lakini Wandera alikuwa amemweleza mjomba wake na hakuaminiwa, aliambiwa ananitetea. Ikabidi nipige mwenyewe. Nikamhesabia mzee Barasa kidole kwa kidole kwenye simu, kama anayeviona.

Naye akarudia kuhesabu.

"Kwa hiyo shangazi yako anatungoja Ijumaa?"

"Ndiyo, mzee. Jogoo ameshafungwa kamba, na viti vimeazimwa."

"Hajatukataa?"

"Hajawakataa."

"Basi tutakuja kwa tano yake."

Ijumaa walikuja, na dada mtu akiwemo. Shangazi akawapokea mlangoni: "Karibuni, mmefika kwa wakati."

Mzee Barasa akamjibu, "Mama, kwa wakati wako. Kwa wangu tumechelewa na nauli tumelipa mara mbili." Watu wakacheka, tukaingia ndani. Posa ikapokelewa.

Nilichojifunza: ukiwapa tarehe watu wa nchi nyingine, mwezi uandike kwa jina lake, usiweke namba. Na siku ya wiki waambie waitaje kwa lugha yao, usikie wenyewe wanaiitaje.

Harusi ni Jumamosi moja mwezi wa Desemba. Shangazi aliponiuliza mosi hiyo ni ya nani, nikamwambia ni siku ambayo Wasabato wanaenda kanisani.

Akasema, "Hapo sasa umeongea."

Wakuu wa Congo, Msumbiji na kwingine, kwenu wiki inaanzia wapi, na ya tano ni ipi? Nauliza kwa sababu nataka kujua kweli. Nitasoma zote, kujibu ndio nitachelewa.